Simu ya Damari

Tenga la kuku lilipasuka katikati ya stendi ya Misuna, na ghafla hapakuwa tena na abiria wala wapiga debe. Kila mtu alikuwa anakimbiza kuku.

"Kaka! Wewe mwenye buti! Huyo jogoo asipite!"

Fabiano Mughwai, aliyekuja kupokea boksi la vipuri vya mashine ya zege, alijirusha bila kufikiri. Alipiga magoti juu ya maganda ya miwa, akainuka na jogoo mwekundu kifuani na shati jeupe lisilotamanika tena.

Mwenye kuku alimjia akicheka. Alikuwa na gauni la kitenge cha njano, kilemba kimemlegea, na gambuti za kijani zilizopwaya miguuni.

"Pole na shati."

"Litafuliwa. Huyu anakwenda wapi na hasira zote hizi?"

"Dar. Hata mimi ningejua nakwenda kuliwa, ningekimbia."

"Ukikimbia wewe, nani atakukamata?"

"Kwani wewe si umeshaanza kazi?" alijibu, akamnyang'anya jogoo. Jina lake lilikuwa Severina. Alinunua kuku minadani, kwao Sepuka na kwingineko, akawasafirisha mjini. Aliandika namba yake mwenyewe kwenye simu ya Fabiano kabla hajaombwa.

Fabiano alikuwa msimamizi wa saiti, akijenga jengo la ofisi kule Nduguti. Kwenye kampuni walimwita Mashine. Aliingia saiti kabla ya mafundi na kuondoka baada ya walinzi, na sikukuu kwake ilikuwa siku ambayo saruji haikuletwa. Lakini sasa alianza kutafuta visingizio vya kuja mjini.

"Umekula, mhandisi wangu?" Severina alimpigia kila mchana.

"Nimekula vumbi."

"Basi njoo, nikulishe kitu chenye mchuzi. Na uvue hizo buti, unatembea kama unakanyaga msingi."

Fabiano alicheka, na kicheko chenyewe kilimshangaza. Ilikuwa miaka mitatu tangu asikie sauti hiyo ikitoka kinywani mwake.

Kitu ambacho hakumwambia Severina ni kwamba alikuwa na nyumba Utemini asiyopenda kuingia. Ndani yake aliishi binti yake Eliana, mwenye miaka tisa, na bibi yake mtoto, mama mkwe wa Fabiano, aliyetoka Itigi kuja kulea. Mkewe, Damari, alikuwa amezikwa huko Itigi.

Siku Damari alipofariki, Fabiano alikuwa juu ya ghorofa, wanamwaga zege. Simu iliita, akaiona "Mke Wangu", akapokea akasema, "Nitakupigia," akakata. Damari alikuwa ameamka na homa tu. Jua lilipotua zege lilikuwa limekamilika, na shemeji yake alikuwa amesimama chini ya ngazi, hajui aanze vipi.

Laini ya Damari haikuzimwa. Bibi aliitumia, na mtoto akaitumia kumtafuta baba yake. Fabiano hakuwahi kuwa na ujasiri wa kubadilisha jina. Kwa hiyo kila Eliana alipompigia, marehemu aliita. Simu ilitetemeka mezani, herufi zikawaka, na mwili wake wote ulikufa ganzi. Hakupokea. Aliigeuza kifudifudi na kurudi kazini, maana kazi peke yake ndiyo iliyokuwa na kelele za kutosha. Shuleni walipoita wazazi, alikwenda bibi. Eliana alipong'oka jino, alimwonyesha jirani.

Ndivyo ilivyokuwa hata mchana ule hotelini karibu na soko kuu. Severina alikuwa amesuka upya, amevaa hereni ndogo za dhahabu, anamsimulia habari za mnada, simu ilipoita kati ya sahani zao. Fabiano aliigeuza. Ikaita tena. Akaigeuza tena, akajifuta jasho usoni.

"Nani huyo?"

"Mambo ya kazini."

"Kazi gani ya kukutoa jasho?" Severina aliichukua. Alisoma. Uso wake, uliokuwa bado na kicheko, ulijifunga.

"Mke Wangu," alisema polepole, akaiweka mezani. "Ningekuuliza toka siku ya kwanza. Ujinga ni wangu."

"Seve, si hivyo."

"Basi niambie ni vipi. Nakusikiliza."

Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi hiyo ingezaa swali, na swali lingempeleka moja kwa moja juu ya lile ghorofa. Fabiano aliichukua simu, akaitia mfukoni.

"Nenda nyumbani kwako, Fabiano. Kuna mtu anakutafuta."

Alitoka bila kugeuka. Fabiano hakwenda nyumbani. Alikwenda Nduguti, akahamia saiti kabisa, akalala kwenye kontena la vifaa. Nyumba ya Utemini hakuikanyaga kwa wiki nyingi.

Siku ya zege la juu ilifika. Upepo ulivuma kutoka mbugani, mashine inanguruma, mafundi wanapokezana ndoo huku wakiimba. Simu ikaita mfukoni. Mke Wangu. Mchana ule ule, zege lile lile, na jina lile. Fabiano aliona mikono yake ikiwa na saruji na hakujua ni ya leo au ya mwaka ule. Kwa mara ya kwanza alihisi kwamba asipopokea, kuna mtu atakuwa amesimama chini ya ngazi.

Alipokea.

"Baba?" Sauti ilikuwa ndogo, imeshangaa. "Kumbe umepokea!"

"Eliana. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Bibi amechoka kukaa mjini. Tunahamia Itigi, nitasoma huko. Tuko kwenye gari. Bibi alisema nisikupigie tena, una kazi. Nikamwambia nikuage tu." Honi ya gari ikalia. "Haya, baba. Kazi njema."

Safari hii Eliana ndiye aliyekata. Fabiano alibaki na simu sikioni, na mtoto alikuwa ameaga kama mtu mzima aliyezoea kutosubiriwa.

"Enock!" alimwita msaidizi wake. "Shika saiti."

"Zege liko nusu, bosi! Mkandarasi yuko njiani. Atakufukuza!"

"Anifukuze."

Aliendesha kwa buti zile zile, kupita Iguguno, kupita mjini, kupita Ikungi na Manyoni, mpaka reli ikajitokeza kando ya barabara. Jioni ilikuwa bado na mwanga alipofika Itigi. Mama mkwe alikuwa uani anachambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umepotea njia?"

"Eliana yuko wapi?"

Mama mkwe alielekeza kwa kidevu, nyuma ya nyumba. Fabiano hakuwa amefika pale tangu maziko. Eliana alikuwa amechuchumaa kando ya kaburi, anang'oa majani. Alikuwa amerefuka. Sketi ya shule ilimfika juu ya magoti na hakuna aliyekuwa ameiona.

Baba alichuchumaa upande wa pili. Waling'oa majani pamoja.

"Baba," mtoto alisema mwishowe, "siku ile mama alipokupigia, alikuambia nini?"

Swali hilo alikuwa amelikimbia kwa miaka mitatu, kutoka saiti hadi saiti.

"Sijui, mwanangu. Sikumpa nafasi ya kusema. Nilimkatia."

"Mimi nilikuwepo."

Fabiano aliacha kung'oa majani.

"Nilimwambia apige tena. Akasema, tusimpigie, baba yako ana kazi."

Fabiano hakulia hata siku ya maziko, lakini jioni ile alilia mpaka mama mkwe akaacha mboga na kuja kusimama kwenye kona ya nyumba. Eliana aliogopa kwanza. Kisha alivuka, akamshika sikio, kama alivyozoea alipokuwa mdogo na kubebwa mgongoni.

Kesho yake, kabla ya kitu kingine, alimpigia Severina. Alimweleza yote, hata ghorofa, hata neno "nitakupigia". Upande wa pili kuku walisikika, kisha mlango ukafungwa.

"Nilidhani una mke," Severina alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Kumbe una mtoto. Hilo la pili limeniuma zaidi. Mke ningekuachia mwenyewe. Lakini mtoto anaita mbele yangu, mimi nakula, wewe unamgeuza kifudifudi?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite mpenzi leo. Nenda kawe baba. Tutaonana."

Mkandarasi alimfukuza kweli. Fabiano alipata kazi ndogo zaidi, ya kujenga madarasa mjini, na jina la Mashine likafa. Ilimbidi aende Itigi kila mwisho wa wiki, akikaa mkekani akisikiliza habari za shule, mpaka likizo ilipoisha na mama mkwe akamfungia Eliana begi la kurudi Utemini. Usiku fulani bado aliamka akiwa juu ya lile ghorofa, anashikilia simu isiyopokeleka. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha binti yake mpaka moyo utulie.

Severina alianza kuja Jumapili, kama mgeni, na zawadi zake zote zilikuwa za Eliana. Walielewana upesi, wakamcheka Fabiano pamoja kwa namna anavyotembea.

Alasiri moja walikwenda watatu ziwani Singidani. Severina alikuwa amevaa gauni la bluu, amekaa juu ya jiwe kubwa pamoja na Fabiano, ameshika viatu mkononi. Ndege wa pinki walijaa kwenye maji ya chumvi, na Eliana alikuwa akicheza ukingoni.

"Seve, nataka kukuoa."

Hakugeuka. "Umemuuliza mwenye nyumba?"

"Amekubali. Ila ametoa sharti."

"Sharti gani?"

"Picha ya mama yake isitoke sebuleni."

Upepo ulipiga maji, ndege wakasogea. Severina alivaa kiatu kimoja, na Fabiano akadhani amepoteza kila kitu tena.

"Mwambie nitakuwa naifuta vumbi mwenyewe," alisema, na macho yalikuwa yamelowa. "Na Damari naye umwambie. Utajua wewe namna ya kumwambia."

Fabiano aliushika mkono wake. Kule majini Eliana aliinuka, sketi imelowa, akageuka na kuwatazama juu ya jiwe; akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akatazama pale patupu katikati yao, akaanza kupanda.