Mwizi wa Michoro ya Leith

MICHORO IMEIBWA. MELI SAA NNE.

Telegramu ilisema hivyo tu. Kapteni Ninian Dalgleish aliitupa motoni, akachomeka bastola yake ya Adams kiunoni, akaacha uji ukipoa mezani.

Saa tatu na nusu asubuhi.

Alikuwa mhandisi wa jeshi. Miaka mitano nyuma, kule Krimea, alivuka uwanja wa risasi na ngazi begani hadi kwenye ukuta wa Warusi. Akavishwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Sasa aliwinda wapelelezi, bila sare. Na michoro iliyoibwa aliichora yeye: mizinga yote inayolinda bandari ya Leith.

Gati lilinuka samaki na lami. Meli ya kigeni ilikuwa inafuka moshi. Mtu mwenye mguu wa mti alikuwa akiikimbilia, kopo refu la bati la kuwekea michoro likiwa kwapani.

"Simama!"

Yule mtu akageuka.

Dalgleish akaganda.

Sajini Walter Kinnear. Aliyebeba ngazi pamoja naye.

"Lo! Wamemtuma shujaa mwenyewe," Kinnear alisema.

"Wamekununua kwa kitu gani, Wattie?"

"Wageni wameniita bwana. Nyumbani naitwa kiwete. Ngazi tuliibeba wawili, afande. Msalaba ukaja mmoja."

"Niliwaandikia wakubwa jina lako."

"Mara ngapi?"



"Mara moja."

"Basi usinipigie kelele."

"Rusha!" baharia alifoka kutoka melini.

Kinnear akainua kopo.

Bastola ya Dalgleish ikalia.

Risasi ilimpata begani. Kopo likaanguka, likabiringika. Dalgleish akalikanyaga. Mabaharia wakakata kamba, meli ikaondoka mikono mitupu.

"Nimalize hapa hapa," Kinnear alinong'ona. "Usinipeleke kitanzini."

Dalgleish alimfunga jeraha kwa skafu yake mwenyewe, akakaza fundo, kisha akawaita polisi.

Kwenye ofisi ya telegrafu aliwaandikia wakubwa mistari miwili. Karani akaisoma kwa sauti.

"Michoro iko salama. Mwizi ni Sajini Walter Kinnear, aliyefika ukutani kabla yangu." Akainua macho. "Haya ya ukutani nayo niyatume, bwana?"

"Hayo yatangulie."

Akavaa kofia, akatoka.