Uso Wenye Duara Jekundu

Kila Jumapili baada ya ibada Peris hupika ugali, na kila Jumapili mumewe, Harrison, hulalamika kwamba ni mgumu. Wanaishi ughaibuni, Columbia Heights, karibu na steji ya basi. Peris hufanya kazi ya kuhudumia wazee. Kanisani wanamwita Mama Bravin, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Jumapili moja ugali uliungua. Harrison alikuwa amemsomea habari kwenye simu. Pacifique ameachiliwa kutoka gerezani. Mahakama imesema hakuwa na hatia.

Peris akaketi na mwiko mkononi. Pacifique ndiye aliyemwibia. Peris mwenyewe alimwonyesha kwa kidole mahakamani. Sasa wanasema si yeye? Alichanganyikiwa kabisa.

Mambo yalianza hivi. Miaka kadhaa nyuma, jioni moja ya baridi, Peris alishuka kwenye basi. Mtu mwenye koti jeusi, aliyefunika pua na mdomo kwa skafu, alimsukuma. Peris akaanguka na kuvunjika mkono. Mtu yule akakimbia na mkoba wake. Kofia ya sufu ya mwizi ilibaki kwenye theluji, na polisi wakaichukua.

Peris aliwaomba wanawake wa kundi lao la maombi kwenye WhatsApp wamwombee. Mama Kamau, mwanamke mwenye moyo mzuri na kidole chepesi kwenye simu, akaona maombi peke yake hayatoshi. Akatuma picha ya kwaya ya Wakongo, ambao husali mchana katika jengo lile lile la kanisa. Uso mmoja aliuzungushia duara jekundu. Aliandika kwamba kijana huyu hushinda pale steji. Wanawake wakajibu, Amina, Amina. Hakuna aliyefikiri kwamba huenda kijana alikuwa akisubiri basi la kazini, kama wao. Jina lake, Pacifique, likafikishwa kwa polisi.

Mkono ulipomuuma, Peris aliitazama picha ile. Aliitazama mara nyingi.

Siku polisi walipomwita, walimwonyesha picha za watu mbalimbali, moja baada ya nyingine. Walimwambia kwamba huenda mwizi hayupo kati yao. Alipofika kwenye picha ya Pacifique, aliinyooshea kidole. Akasema ni huyu. Kwa kuwa alisema kwa uhakika, hakuna aliyejali kofia. Pacifique akafungwa.

Jioni ya Jumapili ile ya ugali kuungua, Peris alikwenda kwa jirani yake Chepkemoi, ambaye ni wakili. Chepkemoi akamwekea chai na kumweleza taratibu. Mawakili wengine walikuwa wameomba kofia ipimwe. Jasho la mtu huacha alama zake, zinazoitwa DNA. Alama za kwenye kofia hazikuwa za Pacifique. Zilikuwa za mtu mwingine, aliyekwisha kufungwa kwa wizi kama huo.

"Lakini mimi namwona," Peris akasema. "Nikifumba macho namwona, Chepkemoi. Hata lile pengo la meno yake."

"Mwizi alikuwa amevaa nini usoni?"

"Skafu. Ilimfunika mpaka puani."

Peris akaisikia sauti yake mwenyewe. Pengo la meno aliliona wapi? Kwenye picha ya kwaya, kijana alikuwa akiimba, mdomo wazi.

Alilia. Alisema hakudanganya. Chepkemoi akakubali kwamba hakudanganya. Akamweleza kuwa kumbukumbu ya mtu haikai kama picha ndani ya simu. Ukiona uso mwingine baadaye, mara nyingi, uso huo unaweza kuingia mahali pa ule wa kwanza. Wewe hutajua. Utakuwa na uhakika, na utakuwa umekosea.

"Polisi walifanya vizuri kukuonyesha moja moja," alisema. "Ila picha ya kundi lenu ilikuwa imekwisha kukuchagulia uso."

Jumapili iliyofuata Peris alikwenda kwenye ibada ya Wakongo. Aliogopa sana. Mlangoni mwanamume mwenye ndevu alimpokea koti na kumkaribisha. Peris akamwuliza kwa sauti ndogo kama anamjua Pacifique.

"Ni miye, mama," akajibu.

Uso alioapa mbele ya mahakama kwamba hatausahau, ulikuwa mbele yake, na hakuutambua. Akaomba msamaha, akamweleza habari ya picha ya kwaya. Pacifique alikuwa bado ameshika koti la Peris.

"Kusamehe, sijafika bado," akasema. "Ile foto ingali mu telefone zenu?"

"Ipo."

"Muifute. Halafu waambie sababu."

Peris aliwaambia. Mama Kamau ndiye aliyefuta kwanza, na alilia kuliko wote. Wakapatana: mtu akiibiwa, wataomba bila picha. Aliyeibiwa atawaeleza polisi haraka alichokiona mwenyewe, kabla ya kusikia ya wengine. Kama ameona picha mahali, aseme. Na kama hajui, aseme hajui, bila aibu.

Majira ya baridi yalipofika tena, mwenzao Mutesi alinyang'anywa simu. Mwanakikundi mmoja mgeni akataka kutuma picha ya kijana fulani. Peris akampigia kabla hajatuma, wakaongea mpaka akaelewa. Polisi walipomwonyesha Mutesi picha zao, alizitazama zote polepole.

"Samahani, sijui," akasema.

Wakaandika hivyo hivyo. Na kijana yule, ambaye Peris hakutaka hata kumjua jina, jioni ile alikula chakula nyumbani kwake, si rumande.