Mtoto wa Ukurasa wa Nne

Maiti ya Burulcha Mambetova ilikutwa saa mbili asubuhi ikiwa imeinamia meza, shavu juu ya fomu ya maombi ya ufadhili ambayo haikuwa imejazwa. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, mto Naryn ulikuwa umeganda kingo zote mbili, na ndani hapakuwa na nafuu.

Inspekta Zuura Abdykadyrova alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Tangu amzike mumewe mwezi wa tisa, alifanya kazi kama mtu anayeosha vyombo vya jirani: kwa uangalifu, bila uchungu.

"Pigo moja, kisogoni," alisema daktari wa polisi akivua glavu. "Fuvu limepasuka. Alikufa jana mchana, kati ya saa saba na saa tisa."

"Silaha?"

Sajini Doolot alionyesha sakafuni. Ilikuwa tuzo ya kioo, nzito kama tofali, ambayo marehemu alipewa na wafadhili. "Imefutwa, afande. Hakuna alama ya kidole hata moja. Na hakuna kilichoibwa."

Karani wa ofisi, Saltanat, alikuwa kwenye korido na kikombe cha chai asichokinywa. Jana yake mchana alikuwa harusini.

"Marehemu alifanya kazi gani hasa?" aliuliza Zuura.

"Kutafutia watu ufadhili, dada. Shule, vikundi, hata mtu mmoja anayetaka nafasi ya kusoma nje. Alijua kila mfadhili anapenda nini. Huyu anapenda maji, yule wasichana, mwingine majiko yasiyotoa moshi. Unaleta shida yako, yeye anaitafutia mlango."

"Na mlango ukikosekana?"

"Watu wanakasirika. Melis alimtukana hapa Jumatatu. Amenyimwa nafasi ya masomo mara ya tatu."

Melis walimkuta kwenye duka la vipuri, mikono imejaa grisi.

"Nilimtukana, ndiyo," alisema. "Sasa nikimuua, ombi la nne ataniandikia nani? Wewe?"

Wateja sita walishuhudia kwamba jana hakutoka dukani. Zuura aliwaamini, akarudi ofisini.

Juu ya meza kulikuwa na ombi lililochapishwa, tayari kutumwa. Lilikuwa la kikundi cha akina mama waliotaka kufungua makao ya watoto wasiotunzwa. Alihesabu kurasa. Moja, mbili, tatu, tano.

"Nichapishie wa nne," alimwambia Saltanat.

Aliusoma amesimama. Msichana wa miaka tisa alikuwa akienda shule, akavuka mto juu ya gogo. Baba yake alimshika mkono mpaka katikati, kisha akauachia ili awashe sigara. Kilichoonekana baadaye ni glavu moja ya manjano juu ya barafu.

"Lete na maombi ya zamani."

Saltanat alileta mafaili ishirini na matatu. Katika kumi na manne, msichana alikuwamo. Mahali pengine alikuwa akiifuata maktaba, pengine darasa lenye joto, pengine daktari wa masikio. Jina lilibadilika kila mara. Miaka ilibaki tisa, na glavu ilibaki ya manjano. Baba na sigara yake walikuwa katika ombi la mwisho peke yake.

"Saltanat. Huyu mtoto yupo?"

Karani aliangalia chai yake. "Alikuwepo. Baba yake ni mwalimu Ishenbek, kijiji cha juu. Daraja lao lilijengwa kwa ombi la kwanza. Sisi wenyewe tulilia tukiliandika. Halafu..."

"Halafu?"

"Halafu tukaona linakubaliwa."

Walivuka hilo daraja saa tisa mchana. Lilikuwa la chuma, imara. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya tatu baada yake. Ishenbek Toktosunov, mwalimu wa hesabu, aliwafungulia mwenyewe, akawamiminia chai, akawavunjia mkate.

"Mkeo yuko wapi, mwalimu?"

"Amerudi kwao. Leo siku ya tano."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Mjini."

"Kwa nani?"

Ishenbek alitoa karatasi mfukoni mwa shati, akaifungua, akaiweka kando ya mkate. Ulikuwa ukurasa wa nne. Doolot aliinuka. Zuura akamwashiria aketi.

"Burulcha alikuja hapa msimu ule ule tuliompoteza mtoto," alisema Ishenbek. "Alikaa hapo ulipokaa wewe. Alilia na mimi. Nikamwambia nisilomwambia mtu. Mke wangu nilimwambia mtoto alitangulia mbio, nikachelewa kumfikia. Burulcha peke yake alijua nilimwachia mkono. Aliapa hataliandika."

"Akaliandika."

"Mke wangu yumo katika kikundi kile. Ombi lilisomwa mbele yao. Glavu alizifuma yeye, dada. Alirudi nyumbani akaniuliza, 'Uliwasha sigara?' Sikuweza kudanganya tena. Akafunga mzigo."

"Ukaenda kuua?"

"Nilikwenda kumwomba autoe ukurasa. Akasema siku ya mwisho ya kutuma ni leo. Akasema mfadhili huyu anataka kuona kosa la mzazi, vinginevyo hatoi. 'Mmoja ameshakufa, Ishenbek. Thelathini wa makao wako hai. Piga hesabu mwenyewe.' Akageuka kunifungulia fomu nyingine." Alikitazama kikombe chake. "Hesabu yake haikuwa na kosa. Nilitafuta kosa, sikuliona. Nikampiga."

"Na dirisha?"

"Sijui. Nadhani nilitaka hewa."

Zuura aliandika maelezo kwenye magoti yake, sentensi kwa sentensi. Alipofika kwenye gogo, Ishenbek alimsimamisha.

"Hiyo ya sigara lazima iingie?"

"Ndiyo sababu yenyewe, mwalimu. Hakimu ataiuliza."

"Basi iandike ilivyokuwa. Upepo ulizima kiberiti. Sikuivuta."

Akaandika: *Upepo ulizima kiberiti. Sikuivuta.* Doolot alikuwa amegeukia ukuta, akijifuta pua kwa mkono wa koti. Zuura alimaliza mstari, akamsogezea mtuhumiwa karatasi na kalamu.

Ishenbek alisoma taratibu, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Kwenye mstari wa sita alisimama.

"Hapa umekosea," alisema. "Jina la mwanangu umeandika Aizerek. Ni Aizirek."

Akafuta herufi moja, akaandika nyingine juu yake, kisha akatia sahihi.