Shangazi, Bi Harusi na Sauti ya Khalayi

Niombe msamaha mapema. Hadithi hii niliwahi kuisimulia kwa kinyozi pale Umoja, nikasema Mureithi na Khalayi walikutana kanisani. Uongo mtupu. Niliona haya kumwambia mtu aliyeshika wembe shingoni mwangu kwamba mwanaume mzima alipata mapenzi akiwa ameingiza kichwa ndani ya pazia.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi, soko la Mutindwa limejaa watu hadi ukikohoa unamkoholea shemeji yako bila kujua. Mbele ya kibanda kimoja amesimama Mureithi, mkata nyama wa soko la Burma, na jaketi yake ya jinzi na gambuti za kazini. Amejifunika kichwani pazia zito la maruni na anapiga makofi. Pa! Anasikiliza. Pa! Pa! Anasikiliza tena.

"Wewe," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nje ya pazia, "unanunua ama unaombea?"

Mureithi akachomoa kichwa. Mbele yake alisimama dada mrefu mwenye sweta ya manjano na leso kiunoni, nywele zimesukwa matuta yakalala nyuma kwa adabu. Mkononi alikuwa na bangili za shaba ambazo hazikujua kunyamaza.

"Naangalia kama linameza sauti," Mureithi akajitetea. "Natengeneza studio nyumbani. Chumba kinarudisha sauti kama tangi la maji."

"Makofi hayapimi pazia. Pazia linapimwa na wimbo."

Akazunguka upande wa pili wa kitambaa na kuimba mistari miwili, taratibu, kama mtu anayekunja nguo:

*Ukichelewa, njoo hivyo hivyo,*
*mlango nimeuegemeza tu.*

Pale kwenye "hivyo" ya pili sauti ilipinda. Ilipinda kama kijiti kinachokaribia kuvunjika, halafu ikajishika. Mureithi alihisi vinyweleo vya mikono vikisimama ndani ya jaketi. Chumba chake kilihitaji pazia moja. Alinunua mawili.

"Na nambari ya simu?"

"Ya nini?"

"Pazia likikataa kumeza sauti nitalalamika kwa nani?"

"Pazia zangu hazikatai, Bwana Makofi," alisema Khalayi. Lakini nambari akampa.

Hivyo zikaanza simu. Mureithi alipiga akiwa bado amevaa koti jeupe la bucha, Khalayi akapokea akipanga vitambaa.

"Mama Mapazia, umeamkaje?"

"Nimeamka nikisikia harufu ya mbuzi kwa simu."

"Hiyo ni marashi yangu."

"Basi usije kwetu mtaa wa Fedha bila kuoga. Mbwa za jirani zitakufuata mpaka altareni."

"Kumbe unaniwazia altareni?"

"Nimesema mbwa, sijasema mimi!" Na kicheko chake kikajaa kwenye simu hadi Nabiswa, mzee wa bucha, akapaza sauti kutoka kwenye jiko: "Kijana, hiyo mbavu inaungua! Mapenzi hayaliwi na kachumbari!"

Khalayi alipokuja kuiona studio mara ya kwanza, alivaa gauni la kitenge la kijani, akaja na Elsie, jirani yake wa kibanda, kwa sababu msichana wa watu haingii kwa mwanaume peke yake siku ya kwanza. Studio yenyewe ilikuwa kachumba kalikoongezwa nyuma ya nyumba yake, mtaani Umoja. Kuta zimebandikwa trei za mayai, mapazia ya maruni yamening'inia, maiki imefungwa kwenye kigari cha mtoto kilichokatwa magurudumu.

"Mayai yenyewe yalienda wapi?" Elsie aliuliza.

"Niliyala yote."

"Yesu."

Mureithi akafungua laptopu. Alikuwa na programu tatu za kurekodi na hajui aoe ipi. Majina ya kweli sitayataja, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshazibatiza. Ya kwanza, ya bure, aliiita Shangazi. Haina rangi, haina mbwembwe: unabonyeza kitufe chekundu, unaimba, inakaa kimya na kuhifadhi ulichoimba. Ya pili, aliyopewa na binamu kwa flashi, ilikuwa Mwizi. Kila ukiifungua, laptopu inapata homa. Ya tatu ilikuwa Bi Harusi.

Ah, Bi Harusi! Inang'aa rangi zote, ina ngoma, ina filimbi, ina kifaa cha kunyoosha sauti ya mtu mpaka inalala bapa kama shati iliyopigwa pasi. Shida ni kwamba aliyokuwa nayo ilikuwa ya majaribio tu. Unarekodi, unapamba, unacheza, lakini kuhifadhi hakuna mpaka ulipie. Ukiifunga, kila kitu kinayeyuka. Na bei yake ilikuwa ya dola, wakati Mureithi anauza nyama kwa shilingi.

"Nichague gani?"

Khalayi hakuangalia rangi. Aliimba kidogo kwa kila moja na kuvaa hedifoni. "Chukua Shangazi," akasema. "Shangazi anasikiliza. Huyu mwingine anajisikiliza."

"Lakini Bi Harusi ndiyo ya mapro!"

"Kwani mimi ni pro? Mimi nauza pazia."

Akacheka, na Mureithi akacheka. Kumbe wawili hao walikuwa wanacheka vitu viwili tofauti.

Maana kijana alichagua Bi Harusi. Siku waliyorekodi, Khalayi alisimama mbele ya maiki, akavuta pumzi, akakohoa, akasema, "Ngoja, nianze tena," bangili zikalia, kisha akaimba wimbo wote. Ulikuwa wimbo wake. Aliutunga kwa sababu ya mama yake, aliyekuwa akimngoja baba, dereva wa malori ya masafa, bila kufunga mlango. Ile sauti inayopinda kwenye "hivyo" ilikuwa ya mama.

Alipoondoka, Mureithi akakunja mikono ya shati. Sasa, mkata nyama ana ugonjwa wake: hawezi kuona mfupa akauacha. Alikata pumzi. Alikata kikohozi. Akatoa bangili moja moja kama anayetoa mafuta kwenye figo. Halafu pale kwenye "hivyo", pale penye kupinda, akaleta kile kifaa na kunyoosha. Akasikiliza, akaona imekuwa laini kama nyama ya mgeni. Alifurahi hadi akajipongeza kwa sauti.

Jumapili akawaita. Nabiswa alikuja na mbavu zimefungwa kwa karatasi, Elsie akaja na soda, Khalayi akaja na kitenge kilekile cha kijani na lipstiki ambayo kwa kawaida ni ya harusi. Mureithi akabonyeza. Ngoma zikaingia, filimbi zikaingia, halafu sauti ya mwanamke, nyoofu, baridi, haina mahali pa kushika.

Nabiswa akatafuna, akasikiliza, akauliza bila ubaya wowote: "Huyu si yule wa 'mteja hapatikani kwa sasa'?"

Elsie akaangua kicheko. Khalayi hakucheka.

"Ni nani huyo?" alimuuliza Mureithi.

"Ni wewe! Nimekusafisha tu kidogo."

"Kwani nilikuwa mchafu?"

"Hapana, mpenzi. Kuna mahali sauti ilikuwa inapinda, nikanyoosha."

Hapo kweli mapazia yalimeza sauti.

"Hapo palikuwa pa mama," Khalayi alisema polepole. "Kama sauti yangu inakuaibisha mbele ya watu, ungeniambia. Nisingekuja kujipaka lipstiki." Akachukua mkoba, bangili zikalia mara moja mlangoni, akaenda.

Mureithi akapiga simu jioni hiyo. *Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Akapiga kesho yake kutoka bucha. *Samahani, mteja.* Akaazima simu ya Nabiswa. Khalayi akapokea, akasikia sauti yake, akakata. Baada ya hapo hata ya Nabiswa ikawa haipatikani.

"Umenifungisha na mimi," mzee akalalamika, "na sikuimba chochote."

Hapo ndipo kijana alipojua upweke. Alirudi kwenye laptopu na kuanza kutoa mapambo. Aliondoa ngoma. Akaondoa filimbi. Akarudisha kikohozi, akarudisha bangili, akarudisha mahali pa mama. Mwishowe akabaki na Khalayi peke yake ndani ya hedifoni, anavuta pumzi kabla ya kuanza. Ile pumzi ndiyo iliyommaliza. Aliirudia na kuirudia. Ilikuwa kana kwamba Khalayi amesimama nyuma yake, anataka kusema jina lake, hajaamua.

Na kwa sababu Bi Harusi haihifadhi kitu, hakuthubutu kuizima. Laptopu ikakaa wazi juu ya meza, usiku na mchana, ikipuliza hewa moto kama mgonjwa. Alipokwenda kazini alifunga mlango wa studio na kuuaga. Jirani akapika githeri, harufu ikaingia, yeye hakuisikia. Alikata nyama Burma akikosea mafupa, wateja wa mbavu wakapata shingo. Nabiswa akamwambia, "Mpelekee huyo msichana mguu wa mbuzi, muishe maneno."

"Hataki mguu, mzee."

"Basi anataka nini?"

"Anataka nimsikilize."

"Sasa si unamsikiliza siku nzima na hizo vitu za masikio?"

Mureithi akamfungia mteja wa mbavu shingo nyingine.

Halafu mchana mmoja, akiwa amepumzika nyumbani, stima ikapotea. Umoja nzima ikasema "aaah!" kwa pamoja. Betri ya laptopu ilikuwa pale kwa urembo tu, haivuki dakika moja. Mureithi aliruka kutoka kitandani, akashika simu ili angalau airekodi ile sauti kupitia spika, akabonyeza kamera badala ya rekoda, akajipiga picha ya pua. Skrini ikafumba jicho. Stima iliporudi, Bi Harusi ilifunguka upya, inang'aa, tupu, haimjui mtu yeyote aitwaye Khalayi.

Kesho yake akavaa shati safi na viatu vya Jumapili, akaenda Mutindwa. Khalayi alikuwa anapima kitambaa kwa mkono, sweta ileile ya manjano. Elsie akamwona kwanza, akakohoa kama polisi.

"Karibu mteja," Khalayi akasema bila kuinua macho.

"Mteja amepatikana," Mureithi akajibu.

Mdomo wa Khalayi ulitaka kucheka, akaukataza. "Nikusaidie na nini?"

"Sauti yako imepotea. Stima ilipotea, ikaenda nayo."

Mkono uliokuwa ukipima kitambaa ukasimama. "Ile uliyonyoosha?"

"Hiyo niliivunja zamani. Ile yako yenyewe. Yote."

"Hata nilipokohoa?"

"Hata ulipokohoa. Hata uliposema 'ngoja, nianze tena.' Hata bangili. Nilirudisha kila kitu, Khalayi. Nikawa nashinda nikisikiliza ukivuta pumzi. Wimbo wenyewe nilikuwa siufikii. Pumzi tu. Nilikukata kama nyama, nikadhani mfupa ni takataka. Kumbe nyama ilikuwa inashikiliwa na huo mfupa."

"Jamani," Elsie akasema, "huyu mtu anaongea mapenzi kama bucha."

"Nyamaza, Elsie." Khalayi akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mbona hukuniambia haya mapema?"

"Kwa yule dada wa 'samahani mteja'? Nilimwambia yote. Ananijua sasa kuliko mama yangu."

Hapo kicheko kikamtoroka, kidogo tu, akageuka kukificha kwenye mapazia. Aliporudi uso ulikuwa umetulia, na macho yalikuwa na maji. "Umeniletea nini basi?"

"Sina kitu. Nimefuta Bi Harusi. Amebaki Shangazi."

"Nenda ukauze nyama, Mureithi."

"Nitaenda. Lakini Jumapili mlango nitauegemeza tu."

Jumapili ikafika na kutembea kama mzee. Asubuhi watu wakaenda kanisani, wakarudi. Mureithi alifagia mara ya tatu mahali pasipo na vumbi. Kila kiatu kilichopita nje kilikuwa cha Khalayi, mpaka kipite. Chai ikapoa, akaipasha, ikapoa. Jua likahama kutoka ukuta mmoja wa trei za mayai hadi mwingine. Akajiambia watu wa Fedha wana kazi nyingi Jumapili. Akajiambia amesahau njia. Mwishowe akaacha kujiambia kitu, akakaa tu na macho kwenye ule mwanya mwembamba wa mlango.

Kwanza alisikia bangili.

"Wewe," Khalayi akasema, ameusukuma mlango kwa kidole kimoja, kitenge cha kijani, bila lipstiki. "Umoja hii unaacha mlango wazi? Utaibiwa."

"Nilishaibiwa. Nangoja mwizi arudishe."

"Nimechelewa."

"Umekuja hivyo hivyo."

Khalayi akatembea hadi kwenye maiki iliyofungwa kwenye kigari. Mureithi akafungua Shangazi, akabonyeza kitufe chekundu, akaweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

Khalayi akavuta pumzi. Akakohoa. "Ngoja, nianze tena." Akaimba. Nje jirani alikuwa anatwanga kitunguu saumu, muuza mayai akapita na kipaza sauti chake, nao wakaingia kwenye wimbo bila kualikwa. Alipofika kwenye "hivyo" ya pili sauti ikapinda, ikapinda kuliko siku ile ya Mutindwa, na mara hii haikujishika. Ikavunjika kabisa. Akaimba mstari wa mwisho kwa vipande.

Mureithi alikuwa ameshainuka. Hakwenda kwenye laptopu. Alimwendea Khalayi, akasimama karibu hadi akasikia joto la shingo yake, akamshika mkono wenye bangili, na kwa mara ya kwanza tangu zinunuliwe zikanyamaza.

"Nikienda kwenu kijijini Bungoma na wazee kukuposa," alinong'ona, "mama atanifungulia?"

"Kwa mama hakufungwagi."

Akaweka paji la uso kwenye bega la Mureithi. Wakakaa hivyo. Kwenye skrini kale kataa kekundu ka kurekodi kalikuwa bado kanawaka, na Shangazi, asiye na haraka, alikuwa anachukua kila kitu: kitunguu saumu, muuza mayai akipotelea mbali, pumzi za watu wawili.

"Mureithi," Khalayi akasema, uso ukiwa umezama kwenye shati, "zima hiyo kitu, basi."