Jembe Lililokula Alizeti

Mimi Selina, wa hapa Issuna, uchafu siupendi. Asubuhi nafagia uwanja, kisha nachukua jembe. Napalilia kando ya barabara, mbele ya shamba letu la alizeti. Jani hata moja sibakizi. Mama mkwe alinifundisha: nyasi mbele ya nyumba ni aibu ya mke.

Mwaka jana mvua kubwa ilinyesha siku mbili. Maji yalitoka barabarani yakachimba korongo shambani. Yakabeba mistari sita ya alizeti. Alizeti ile ndiyo mafuta yetu ya kupikia! Niliwaka. Nikamfuata kijana Chediel, jirani anayefanya kazi ya kutunza barabara.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Barabara yenu imekula shamba langu!"

Alikuja kutazama. Akanionyesha shamba la jirani Elisha, ng'ambo ya barabara. Elisha yule mvivu! Kwake nyasi zimejaa, na korongo hakuna.

"Mama, shamba limeliwa na jembe lako. Nyasi za asili zina mizizi mirefu, zinashika udongo. Wewe umezimaliza."

Nilitamani kumrushia hilo jembe. Miaka kumi navunja mgongo, kumbe najiharibia mwenyewe! Hasira ikanigeukia.

"Haya, sema. Nifanyeje?"

"Chuma mbegu za nyasi za kwetu, pale mlimani. Mvua zikianza, kwangua udongo kidogo, uzimwage. Magugu ya kigeni yatawahi kuota. Yafyeke juu juu kabla ya kutoa maua, nyasi changa zipate jua. Usichome moto. Nyasi zikishadondosha mbegu, ndipo uzifyeke. Ila ukingoni mwa barabara ziwe fupi daima, madereva waone."

Mume wangu Kefa alinung'unika. "Watu watatucheka."

"Wacheke! Hicho kicheko utakaangia mboga?"

Nilifanya yote, nimenuna. Mwaka huu mvua ilikuja kubwa vilevile. Maji yalifika kwenye nyasi yakapungua nguvu. Hakuna mstari uliokwenda na maji.

Juzi nilitoka ndani nikamkuta mama mkwe kando ya barabara, ameinama, ameshika jembe.

"Selina! Siku hizi umekuwa mvivu hivi?"

"Shikamoo, mama," nilisema kwa adabu zote, nikamnyang'anya jembe.