Mahameli ya Mimbari

Kazi ya kwanza ya asubuhi katika nyumba ile ilikuwa kuokota pini. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia katikati, na gunia la vipande vya nguo kwenye kona. Binti yake alipitisha sumaku sakafuni, akafagia nyuzi, akatia cherehani mafuta, na yote hayo aliyafanya mbio mbio kama anayefukuzwa. Hakuna aliyemfukuza. Miguu yake ilikuwa haitulii, na mdomo wake ulikuwa umeizidi miguu.

Watu walimwita Najua. Ukianza kumwambia, "Binti, sufuria ile..." yeye alikwisha kujibu, "Najua!" Kumbe ulitaka kumwambia ni ya moto. Vidole vyake vilikuwa na alama za mambo mengi aliyoyajua kwa namna hiyo. Mdogo wake aliitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa mchanga alimeza kifungo cha shati la mteja, na mteja akakisubiri.

Cha ajabu ni kwamba kila jioni Najua alisali sala fupi aliyofundishwa katika shule ya Jumapili: "Bwana, nifundishe." Ila hata sala hiyo aliisema kwa pupa, na "Amina" yake ilitoka akiwa ameshajifunika shuka.

Ijumaa ile hakukuwa na utulivu kabisa. Jumapili kanisa jipya lilikuwa linafunguliwa, baada ya waumini kusali chini ya turubai kwa miaka mingi. Akina mama wa kanisa walizunguka duka hadi duka mpaka wakapata mahameli ya rangi ya damu ya mzee, kipande cha mwisho kilichobaki. Mama alipewa kazi ya kushona kitambaa cha kuteremka mbele ya mimbari, chembamba juu, kipana chini, cha nusu mbili zinazounganishwa katikati. Mama alikuwa amekwisha kukata karatasi ya kipimo.

"Mama, nikate mimi," Najua aliomba tangu asubuhi. "Mama, tafadhali. Magauni ya pamba si ninakata?"

Mara mteja mmoja mgonjwa akatuma mtu kumwita mama akampime nguo nyumbani. Mama alitupa futi ya kupimia ndani ya mkoba, akasimama mlangoni, akamtazama binti yake anayerukaruka.

"Haya, kata. Lakini sikiliza. Mahameli si kama pamba. Ukiiweka mezani, kwanza..."

"Najua, mama!"

"Kwanza uipapase uone..."

"Najua, najua! Nenda, utachelewa."

Mama alifungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Alikuwa na haraka.

Najua alitandika mahameli, akaweka karatasi juu yake, akachora kwa chaki. Nusu ya kwanza aliikata kichwa juu. Ya pili akaigeuza karatasi, akaikata kichwa chini. Hivyo ndivyo mama alivyomfundisha kukata pamba: upande mwembamba wa kimoja ulale na upande mpana wa kingine, kitambaa kisipotee. Na kweli, ulibaki ukanda mrefu mzima. Najua aliuinua juu, akacheka peke yake. Mama atafurahi jamani! Hakuishia hapo. Alizigeuza nusu zote mbili kichwa juu, akakaa kwenye cherehani akaziunganisha, kisha akatundika kazi yake dirishani aitazame.

Kifungo aliingia akiwa anatafuna mkate.

"Mbona upande huu mweusi na huu unang'aa?"

"Huoni vizuri wewe. Ni kivuli."

Alisogeza pazia. Kivuli hakikuondoka. Nusu ya kushoto ilikuwa nzito, imeiva. Ya kulia ilikuwa imefifia na kumetameta, utadhani imetoka duka jingine. Najua aliipiga kwa brashi. Akaifuta kwa kitambaa kibichi. Akapuliza. Akaangalia mlangoni, akaangalia dirishani. Alitaka kuigeuza ile nusu juu chini, lakini upande mwembamba ungekuwa chini na mpana juu. Ukanda uliobaki ulikuwa mwembamba mno kutoa nusu nyingine, na mahameli hiyo madukani ilikuwa imekwisha.

Aliposikia viatu vya mama, aliikunja kazi yote akaisukuma nyuma ya gunia.

"Umefikia wapi?" mama aliuliza.

"Nimekata tu," Najua alijibu. Ulikuwa ukweli nusu, na huo nao una uzito wake. Kifungo alimtazama dada yake. Dada yake akamkodolea macho. Kifungo akaendelea na mkate.

Tangu hapo hakukalika. Najua aliteka maji ambayo hayakuhitajika. Aliosha vyombo visafi. Jioni alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto, akakosa kuingia kwenye wimbo anaoujua tangu alipokuwa mdogo sana. Waliimba wakiwa wamesimama ndani ya kanisa jipya lenye harufu ya rangi, mbele ya mimbari tupu.

"Hapa patapendeza," alisema Mama Mchungaji, akipangusa vumbi la mbao kwa kiganja. "Mwambie mama yako tunamwombea. Nasikia na wewe unamsaidia?"

"Ndiyo, mama," Najua alisema. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mazoezi yalipokwisha hakungoja wenzake. Alitoka mbio, na safari hii kweli ni kama alikuwa anafukuzwa.

Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama, mahameli nimeiharibu."

"Ilete," mama alisema.

Aliitandaza karibu na taa, akaiangalia muda mrefu. Alikasirika, tusidanganyane, alikasirika sana. Alitoka uani akasimama huko peke yake, na Najua alimsikia akisema na Mungu kwa sauti ya chini. Aliporudi, uso ulikuwa umechoka lakini umetulia.

"Kwa nini hukuniambia nilipoingia?"

"Niliogopa. Nilidhani labda itarudi kuwa sawa."

"Aliipangusa kwa maji, mama," Kifungo aliongeza. "Na kuipuliza kama uji."

Mama alitaka kucheka, akajizuia. "Njoo hapa. Leta mkono. Shusha hivi. Unasikia nini?"

"Laini."

"Sasa pandisha."

"Inakataa. Inakwaruza kidogo."

"Mahameli ina vinyweleo, na vyote vimelalia upande mmoja. Vikielekea chini, macho yanaona rangi hii. Vikielekea juu..."

"Na..." Neno lilishafika ulimini. Najua alilimeza. Lilikuwa gumu kumeza kuliko kiazi kibichi. Akabana midomo, akasubiri.

Mama naye alisubiri kidogo, kisha akaendelea. "Vikielekea juu, rangi inabadilika. Kwa hiyo haikatwi kichwa juu, kichwa chini. Hayo ndiyo niliyokuwa nakueleza pale mlangoni. Na mimi nina kosa, ningerudi ndani nikakushika masikio. Kesho tutaona. Sasa tule."

Jumamosi Najua alipewa mkasi mdogo akafumue mshono wote, uzi kwa uzi, bila kutoboa kitambaa. Ilikuwa adhabu na ilikuwa kazi. Miguu iliwasha, mgongo ukauma, wenzake walipita wakimwita acheze. Aliendelea kukaa. Kila alipotaka kuharakisha, mahameli ilivutika, naye akalazimika kupunguza mwendo.

Alipomaliza, mama alichukua rula ndefu na chaki. "Tutaondoa ule mtanuko wa chini katika nusu zote mbili. Zikinyooka pande zote, hii iliyokosewa tunaweza kuigeuza juu chini, na vinyweleo vitaelekea pamoja. Kitambaa kitakuwa chembamba kuliko walivyotaka. Nitakwenda mwenyewe kumweleza Mama Mchungaji. Na pale katikati tutapitisha ukanda wako uliobaki, uzibe matundu ya mshono wa zamani."

Mama alipokwisha kuunganisha nusu zile upya na kuanza kupinda kingo, Najua aliuchukua ule ukanda aliokuwa ameufurahia jana. Alitaka kuubandika mara moja, mkono ulishanyanyuka. Kisha akasita.

"Mama, niuweke vinyweleo vielekee wapi?"

Cherehani ilisimama. Mama aligeuka kwenye kiti akamtazama.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza. Sijui."

Mama aliinuka. Alilaza ukanda katikati ya kitambaa, vinyweleo vikielekea juu kama vya kitambaa, ukapotea kabisa ndani ya rangi ile nzito. Akaugeuza. Ukanda ukang'aa, mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini. Mama aliweka mkono kidevuni. Halafu akakata kipande kifupi mwisho wa ukanda, akakilaza kwa upana juu ya ule mrefu.

"Msalaba!" Kifungo alisema.

Ulikuwa msalaba wa mahameli ile ile, rangi ile ile, umegeuzwa tu.

Jumapili mwanga uliingia kwa madirisha mapya ukaanguka mbele ya mimbari, na watu wakanyoosha shingo. Ukisimama upande huu msalaba ulififia, ukisogea ulijitokeza. Baada ya ibada akina mama walimzunguka fundi.

"Wazo hili umelitoa wapi?" Mama Mchungaji aliuliza. "Jana uliniambia kitambaa kimepungua tu. Hukuniambia habari za msalaba."

"Muulize binti," mama alijibu.

Macho yote yakamgeukia. Ingekuwa rahisi sana kutabasamu na kunyamaza. Najua aliangalia viatu vyake.

"Nilikata vibaya," alisema. "Mama alikuwa ananielekeza, nikamkatiza. Nikaficha. Kisha akanifundisha upya, na nilipouliza ndipo akaona msalaba."

Wengine walicheka, lakini si kwa kumcheka. Mama Mchungaji alimvuta akamkumbatia.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Kifungo akiwa mbele anapiga jiwe teke.

"Kila siku unaomba Mungu akufundishe," mama alisema. "Ulidhani atashuka mwenyewe na chaki mkononi? Atamtumia mama yako. Atamtumia mwalimu, jirani, hata huyo Kifungo. Hata kosa lako atalitumia, ukikubali kulileta mezani. Lakini ukimkatiza anayekufundisha, mwanangu, unaikatiza sala yako mwenyewe."

Najua alipunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza miguu yake ilikwenda sawa na ya mama.

"Kesho kuna sketi za shule," mama aliendelea. "Zina marinda, na marinda yake si kama yale ya..."

Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Najua akaufunga, akamtazama mama yake, akangoja.

"Ehe, mama," alisema. "Yanakuwaje?"