Sura ya Zena Iliyopikwa Haraka

— Uyu ni nani?

Zena aliibwaga foto juu ya meza ya studio. Tahiri, mchumba wake mpiga picha, akaitazama, kisha akamtazama mwenyewe aliyesimama mbele yake, kifua kinampanda na kushuka.

— Si wewe?

— Mimi? Niangalie vizuri, Tahiri. Mimi niko hivi?

Wallahi hakuwa hivi. Zena alikuwa mweusi, weusi ule wa kung'aa unaowageuza shingo watu wa soko la Rumonge. Huyu wa kwenye foto uso ulikuwa kama umemwagiwa unga.

— Umenitia weupe ili mama yako anikubali. Sema tu. Unanionea haya.

— Haki ya Mungu, Zena, sikukutia kitu!

Hebu tuelewane kwanza. Ilikuwa mwaka 2004, vita vya Burundi havijaisha, na barabara ya Bujumbura haiaminiki: leo mabasi yanapita salama, kesho yanapigwa risasi kule Muhuta. Kwa kina Tahiri, mama mkwe lazima amwone mchumba kwa macho yake kabla ndoa haijafungwa. Mama yake, Mariyamu, alikuwa anakaa Uvira, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, na nani angethubutu kumwambia mama mtu mzima apite njia ile? Ikakubaliwa foto iende badala ya mtu. Mama akiridhika, ndoa ipo. Akikataa, basi tena. Nakala moja ilikwenda Uvira kwa mkono wa dereva, nyingine ikapelekwa kwa kina Zena, na mashangazi wakaicheka mpaka binti wa watu akatoka mbio.

— Ni programu, Zena. Hii kamera inatoa foto mbichi. Lazima ordinateri, kompyuta hii, iipike ndipo ifae kuchapwa. Niko na programu mbili. Moja inapika yenyewe, mbio mbio, na kila sura inaiongezea mwanga. Wateja wanaipenda kweli.

— Na ingine?

— Ingine inakuachia kazi yote. Pole pole, mwanga peke yake, rangi peke yake.

— Maneno hayo. Nionyeshe.

Tahiri akavuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikawaka. Akaifungua ile foto mbichi kwa programu ya pili. Akapunguza mwanga, akaongeza joto la rangi, akagusa kivuli. Taratibu Zena akajitokeza: mashavu yake, weusi wake, hata kale kakovu juu ya nyusi.

Zena akakigusa kioo cha ordinateri kwa kidole. Tahiri akashusha pumzi akidhani yamekwisha. Masikini, ndiyo kwanza yanaanza.

— Kumbe hii ulikuwa nayo.

— Ndiyo.

— Na ukatuma ile.

— Dereva alikuwa anapiga honi, jenereta inataka kuzimika... Nikabonyeza, nikachapa, nikatia mu bahasha.

— Bila kuniangalia?

Kweli hakuangalia.

— Wanajeshi wakija kwa foto za karangamuntu, vitambulisho vyao, unawaangalia. Foto ya posa yangu hukuiangalia! Bora ungenitia weupe kwa kusudi, Tahiri. Angalau ningejua ulinitazama.

Machozi yakamshuka. Akaishika pete yake, akaanza kuivua.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Mariyamu, na mama huyu akishika simu hupiga kelele kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya ziwa. Hakuna aliyemo chumbani asiyesikia.

— Tahiri! Foto imefika. Uyu mwanamuke ni nani?

— Mama, ngoja kwanza...

— Ningoje nini? Uliniambia umepata mutoto mweusi, wa kucheka, ana kovu juu ya jicho. Mwaka muzima unaniimbia weusi wake, mpaka majirani wanamujua! Sasa unaniletea mwengine? Yule umemufanya nini? Umemuacha?

Mkono wa Zena ukasimama. Pete ilikuwa katikati ya kidole.

— Uyu mimi simutaki, mama akaendelea, na sauti ikaanza kukatika. Nilishamupenda yule.

Zena akaipokonya simu.

— Amahoro, mama. Yule mweusi ni mimi. Niko hapa.

Simu ikapasuka kwa kilio na kicheko pamoja.

— Alhamdulillahi! Mwanangu! Weee, umenirudishia roho. Na uyu mujinga alikufanya nini?

— Alinipika na haraka, mama.

— Muchape!

Zena akacheka kwa sauti, machozi bado yako shavuni, na pete akairudisha mahali pake. Tahiri akakaa sakafuni, akafunika uso, akashukuru Mungu bila kuona aibu.

— Nisamehe, Zena. Ile programu naifuta sasa hivi.

— Usifute. Wanaopenda weupe uwapikie, ni riziki yetu. Lakini foto zangu, na za harusi yote, ni kwa ile ya pole pole. Na mimi nitakaa hapa pembeni nikuone unaniangalia.

— Hata jenereta ikimaliza mafuta ya Rumonge yote?

— Hata.

Wakaipika upya wote wawili, wakibishania kivuli cha pua mpaka adhana ya alasiri. Walipotaka kuituma, ujumbe ukaingia kutoka Uvira: "Musitume foto ingine. Barabara ikitulia nakuja mwenyewe."

Ikatulia. Siku ile basi dogo lilipoingia Rumonge, wasichana wa upande wa bibi harusi walikuwa wamejipanga stendi, wote na kitenge cha sare moja, Zena katikati yao, haijulikani nani ni nani. Tahiri akakimbilia mlangoni. Mama Mariyamu akateremka na vumbi lake, akamtwika mwanawe kikapu bila hata salamu, akawapita wasichana wa kwanza, akawapita waliofuata, akaushika uso wa Zena kwa viganja vyake viwili.

— Ni uyu, akasema. Muiteni imamu.